Aliyekataa Mashine Moja Ibebe Yote

Tumekuja kumsindikiza dada yangu, ambaye kazini walimwita Mama Seva. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ubishi aliuanza mapema.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1997, msichana pekee katika darasa la kompyuta. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya tiketi za mabasi. Huko kila msimu wa likizo seva, ile kompyuta kuu iliyohudumia vituo vyote, ilizidiwa, na makarani wakaambulia matusi ya abiria. Meneja alitaka inunuliwe kubwa zaidi. Dada alitaka sita ndogo, zigawane kazi.

"Sita za nini?"

"Hiyo kubwa ikilala, bosi, utaandika tiketi kwa mkono?"

Alipewa kwa shingo upande. Siku ya uzinduzi, wakubwa wakitazama, alichomoa waya wa moja. Meneja alishika kichwa. Karani wa dirishani aliendelea kuuza tiketi, wala hakujua kitu.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 2002 na fundi cherehani, mtu mpole anayejua wakati wa kunyamaza. Walijaliwa binti, kisha mapacha wa kiume.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kikao cha familia kiliamua binti aache chuo alee wadogo zake. Dada aliinuka kitandani.

"Mwanangu habebeshwi nyumba nzima. Mikono mnayo, gawaneni."

Wifi yake alipewa jiko, fundi kufua, mimi kuwachukua mapacha shuleni. Kisha akahamia kwa mama, akazima simu wiki nzima, ili tujaribiwe yeye akiwa hai. Siku ya pili tu niliwasahau mapacha. Nilipofika mbio, wifi alikuwa ameshawachukua. Dada alipoambiwa alicheka hadi akakohoa: "Mmoja kazima, mzigo umefika."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2023, mchana. Na jana, hapahapa msibani, nilisikia minong'ono ya kumwachisha binti chuo imeanza upya. Nasema mbele ya jeneza lake: binti anarudi darasani Jumatatu. Mwenye neno aje kwangu, na aje na sufuria mkononi.

Ameacha mama, mume, binti, mapacha na ndugu wanne, kila mmoja na zamu yake.

Dada, simu yako tumeizima. Nyumba imesimama. Pumzika kwa amani.