Corentin Kerbrat na Sheria ya Kutopendana

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu Corentin Kerbrat, aliyezaliwa Quimper, Ufaransa, tarehe 9 Machi 1989, mtoto wa pili wa Bwana Hervé na Bibi Odile, akichelewa wiki mbili, jambo ambalo tulipaswa kulichukua kama onyo.

Alisoma hapo hapo Quimper, mwaka 2007 akaingia chuo cha muziki Lyon kujifunza viola, ile fidla yenye sauti nzito kidogo, na Septemba 2010 akaanzisha kundi la watu wanne, fidla mbili, viola na selo, akatunga sheria kwamba ndani ya kundi hakuna kupendana, kwa kuwa kundi lake la kwanza lilivunjwa na mapenzi katikati ya mashindano. Kufikia Krismasi alikuwa amempenda Maïwenn, mpiga selo wa kundi, ile fidla kubwa ishikwayo katikati ya magoti, na ili asishukiwe akawa anamkosoa kila zoezi, mara upinde mzito, mara amechelewa, hata binti wa watu akaamini anachukiwa, akachumbiwa na daktari wa meno wa Annecy.

Tarehe 4 Juni 2016, mazoezini, Basile wa fidla ya pili alichoka kwa niaba yetu sote, akasema, “Corentin bwana, mwambie unampenda, sisi tupige muziki!” Maïwenn akauliza, “Mimi huyu? Miaka yote hii?” na ndugu yetu, badala ya kupiga magoti, akajibu, “Lakini sheria ni sheria.” “Haya, nimejitoa kundini,” akasema Maïwenn, akiifungia selo sandukuni, “una kisingizio kingine?”

Walifunga ndoa mbele ya meya tarehe 22 Aprili 2017, daktari wa meno akatuma maua, muungwana kuliko tulivyostahili, na tarehe 3 Februari 2019 wakajaliwa binti, Azeline.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Lyon, akafariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024 alfajiri, mkewe akiwa kando yake. Walipata miaka saba, wangeweza kupata kumi na tatu, na hilo bado hatujamsamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia sauti ya viola kupitia ukutani, na wanamuziki wenzake. Tunaomba, kwa mara ya nne tangu asubuhi, msimsihi Maïwenn apige selo, kwani wenzake Corentin watatu wa kundi, pamoja na aliyechukua nafasi ya Maïwenn kwenye selo, watapiga, sehemu ya viola ikiachwa tupu, na Maïwenn amesema anataka kukaa kimya aisikilize sehemu hiyo ya mumewe.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.