Aliyeikataa Kura ya Mama Yake

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, afisa wetu wa elimu ya mpiga kura anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Alipotafutwa mtu wa kuandika wasifu wake, wenzake wote walitazama chini kama wanafunzi walioulizwa hesabu. Nikanyoosha mkono mimi. Niliifagia ofisi hii miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo mimi ni mtumishi mwenzake. Tena nilimzaa, kwa hiyo namjua kuliko faili lake. Darasa langu ni la nne, lakini mtoto ni wangu, na kumsifu mtoto hakuhitaji digrii.

Alizaliwa na sauti. Mkunga alisema huyu ama atauza samaki ama atatangaza matokeo. Ofisini walimwita Kipaza, maana kipaza sauti cha ofisi kilipoharibika hakuna aliyegundua. Alipita sokoni, saluni, gereji, hata msibani, akiuliza nani hajajiandikisha kupiga kura, mpaka wafiwa wakamwomba asubiri kwanza wazike. Wapo waliojiandikisha kwa kuipenda nchi, na wapo waliojiandikisha ili awaache wale chakula chao.

Lakini sifa zake hasa zilitokana na uchaguzi wa majaribio. Aliona kura nyingi zinaharibika kwa watu kutojua, akaamua wajifunze kwa vitendo. Ili asionekane ana chama, akasimamisha wagombea watatu kutoka stoo yangu: Ndoo, Ufagio na Kiti. Sanduku likawekwa, wino wa kidole ukaja, mawakala wakateuliwa. Wakala wa Ndoo alikuwa mshonaji wa jirani, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Wakala wa Ufagio nilikuwa mimi. Mfagiaji angesimama na nani?

Kampeni ikakolea. Bomba la mtaa wetu lilikuwa kavu mwaka mzima; tulivuka barabara kuu na madumu kichwani, magari yakitupigia honi kama kuku waliopotea. Mshonaji akatangaza kwamba Ndoo italeta maji. Mimi nikatangaza kwamba Ufagio utasafisha. Utasafisha nini, sikufafanua, ndiyo siasa.

Kura zikahesabiwa hadharani. Kiti kilipata mbili, na hadi leo hakuna aliyekiri. Ndoo ilikuwa mbele ya Ufagio kwa kura moja, na karatasi imebaki moja. Mwanangu akaiinua juu wote waione. Alama ilikuwa safi kabisa kwenye Ufagio, ila pembeni mpiga kura ameandika, “Usiogope, mama yupo,” na chini akaweka jina lake lote. Jina langu.

“Hii imeharibika,” akatangaza. “Kura ni siri. Weka alama tu, usiandike kitu kingine.”

“Wee! Mama yako huyo!” nikapiga kelele.

“Hapa mimi ni msimamizi, mama. Foleni ya malalamiko ile pale.”

Kwenye foleni nilikuwa peke yangu. Wiki nzima niliwapikia chai wote ofisini isipokuwa msimamizi.

Mshonaji naye hakutulia. “Ndoo tumeichagua. Maji yako wapi?” Mwanangu akamweleza kuwa yeye ni mtumishi, hawezi kuwaongoza, lakini kikao cha baraza la madiwani kina benchi la wananchi, na halikutengenezwa kwa ajili ya vumbi. Mshonaji na majirani wakaenda. Ndoo wakaikalisha katikati yao.

“Na hii imekuja kusikiliza?” diwani wetu akacheka.

“Hapana, Mheshimiwa. Imekuja kujazwa,” mshonaji akajibu.

Diwani akaahidi kulishughulikia suala la maji. Kikao kilichofuata wakarudi kumuuliza amefikia wapi, safari hii kila mtu na ndoo yake. Akaahidi tena. Kikao cha tatu nilikwenda hata mimi, maana kiu haina chama. Ndoo zikajaa benchi, zikajaa ukumbi, zikafika mlangoni, Mheshimiwa akakosa hata njia ya kwenda msalani. Kabla ya wiki kuisha fundi wa maji alikuwa mtaani kwetu, na bomba linatoka mpaka leo.

Tangu hapo mtaa wetu haulali baada ya kupiga kura. Tuna kamati ya maji, tuna vijana wanaowasindikiza wazee vituoni, na mshonaji aligombea udiwani akashinda. Nilimpigia kura. Sikuandika kitu pembeni.

Kwa miaka yote nimembembeleza mwanangu aniambie, siku ile ya Ndoo na Ufagio yeye alimpigia nani. Juzi aliporudisha funguo nikamwambia, haya, cheo umekivua, sema sasa. Akacheka. “Kura ni siri, mama, na siri haistaafu.” Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi nimejiponza mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemfundisha kutopendelea.

Ahsanteni, wafanyakazi wote, kwa kunitunzia mtoto na kuvumilia sauti yake. Nawe, Kipaza wangu, nenda ukapumzike na afya yako, ulale mpaka jua likuchoke, ucheke na wajukuu. Chai yako ipo mezani, na sukari nimeweka. Na mimi, wakala mkuu wa Ufagio, leo mbele ya wageni wote, nayakubali matokeo.