Bwana Afya Polikarpi na Siri ya Banda la Vyuma

Leo, tarehe 30 Juni 1996, Bwana Afya Polikarpi anastaafu. Ameitumikia zahanati yetu ya Kimuli miaka kumi na minane, tangu 1978, na miaka yote hiyo mimi nimefagia nyuma yake. Viatu vyake huleta matope mengi kuliko ng'ombe. Nalisema mapema, msije mkadhani namsifu bure.

Amekagua vyoo mpaka Mabira. Ukimwambia choo kipo, anaingia mwenyewe kuhakikisha. Kina mama waliokimbia chanjo aliwafuata migombani, na watoto wao leo wananyonyesha wa kwao.

Lakini tulimjua hasa mwaka 1988. Mfanyabiashara Rweyemamu alikuwa amefungua banda la kunyanyua vyuma: magurudumu ya trekta, madebe yaliyojazwa saruji, na benchi moja lililovishwa gunia la kahawa. Wanaume wakalilalia kwa zamu, jasho juu ya jasho. Ukaingia upele. Tisa walikuja zahanati wiki moja, mikono imenenepa hata haifiki mgongoni. Wake zao ndio waliowakuna, huku wakiwasema.

Rweyemamu akaja mbio. "Mzee, usilitaje banda langu. Ukilitaja, gari langu ulisahau."

Gari hilo ndilo lililopeleka chanjo Songambele kila mwezi. Polikarpi akawaogopea watoto. Akabandika tangazo: upele umeonekana katika sehemu moja ya biashara, wananchi wajihadhari.

Sehemu gani? Watu wakajijibu wenyewe. Wakamkimbia kinyozi. Wakaikimbia rubisi ya Laurensia, mjane anayeishi kwa pombe hiyo ya ndizi, hadi ikamchachukia mitungini. Kanisani hakuna aliyetoa mkono. Tulisalimiana kwa kuinua kidevu kama mbuzi. Banda la Rweyemamu ndilo lililofurika. Walisema chuma hakishiki upele!

Nilimfuata na fagio langu. "Polikarpi mwanangu, unamfunika tajiri kwa nguo ya mjane." Chai yake ilipoa palepale.

Siku ya gulio alipanda juu ya kreti la soda. "Upele uko kwa Rweyemamu, kwenye gunia la benchi. Kwa Laurensia nimekagua, hakuna kitu. Mimi ndiye niliyeficha, na nimekosea."

Rweyemamu alichoma gunia, na vidume wake wakaanza kulalia kanga za wake zao, zenye maua. Gari alilinyima kweli. Polikarpi akafunga sanduku la chanjo kwenye baiskeli, akalisukuma vilimani hadi Songambele miezi saba, jua na mvua. Hakuna mwezi uliopita bila chanjo. Alikonda, suruali akaifunga kwa kamba ya mgomba, na bado akafika.

Asante, mwanangu. Umetuchosha, umetulinda. Rudi kwa mkeo Immaculata, ule matoke ushibe, uamke jua likiwa juu. Sisi wote wa zahanati tunakuombea uzee wenye meno yote.

Kokuberwa, mfagizi wa zahanati. Maneno ni yangu. Mkono ni wa nesi Renatha.