Medali Yenye Matundu Mawili: Maisha ya Mzee Eugène Wilondja

Ndugu, jamaa, majirani wa Baraka, nanyi mliovuka kutoka Ubwari kwa boti: asanteni kwa kufika. Sehemu kubwa ya wasifu huu marehemu aliisema mwenyewe akiwa kitandani, akamwagiza binti yake mkubwa, Pulchérie, ausome bila kuruka neno. Mchungaji alituomba turuke mawili matatu. Tulimsikiliza kwa heshima, kisha tukapeleka karatasi kwa mchapaji jinsi ilivyokuwa.

Mzee Eugène alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa Sajini Néhémie Wilondja na mama Félicité. Sajini alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1941 alipigana na Waitaliano huko Abisinia, akarudi na mguu mmoja mzito na medali moja ya shaba. Medali hiyo haikukaa ikiabudiwa ukutani. Msimu mmoja samaki walipokuwa wagumu, aliipeleka kwa fundi wa baiskeli, ikatobolewa tundu la pili ukingoni, chini. Akafunga ndoana, akaenda kwa mtumbwi kuivulia sangala mbele ya Ubwari. Ilikuwa inang'aa majini, na sangala ni samaki mwenye tamaa. Alirudi na mmoja wa kubebwa na watu wawili, medali ingali mdomoni. Mama Félicité alimpasua samaki huku akigomba, “Mufalme alikupa kitu ya heshima, we unatupia samaki!” Sajini akajibu, “Mufalme hakunipa mboga.” Eugène alikuwa na miaka saba, na hadithi hiyo ilimchekesha mpaka wiki yake ya mwisho.

Alianza shule ya msingi Mboko. Mwaka 1964 maasi yalifunga madarasa, familia ikavuka ziwa hadi Kigoma. Aliporudi alikuwa kijana mwenye ndevu, akaketi tena darasani hapa Baraka na watoto waliomfikia kifuani, wakimwita “Papa”. Alimaliza cycle d'orientation, ile miaka miwili ya kwanza ya sekondari, mwaka 1972. Hesabu zilimtesa; historia aliipenda kama chakula.

Sajini Néhémie alifariki tarehe 2 Septemba 1975. Kwenye matanga alikuja Patrice, mwana wa jirani, rika la Eugène, karani wa serikali, kalamu sikioni. Alisema wakubwa wanataka kuziona medali zote za zamani, na kwamba hii itarudi kesho kutwa. Mama Félicité aliifunga kwenye kitambaa safi, akampa, na chai akamnywesha. Kesho kutwa hiyo tunaingoja hadi leo.

Novemba 1976, kwenye sikukuu ya jeshi, babake Patrice alipita mbele ya watu akiwa na medali ile kifuani. Mboko nzima ilijua kwamba vita pekee alivyopigana mzee yule vilikuwa vya kufukuza nguruwe-pori kwenye mihogo, maana waandikishaji walipopita alijificha humo humo. Lakini nani angesema, mbele ya wakubwa? Mama Félicité, na nguo yake nyeusi ya ujane, alikwenda kuketi kwenye benchi la wajane wa askari. Patrice ndiye aliyekuwa akipanga watu. Akamwambia, watu wakisikia, “Mama, bwana yako hakukuwa na medali. Iyi banc iko ya bajane ya baaskari. Simama kule na bengine.” Akasimama juani mpaka sherehe ikaisha. Siku hiyo Eugène aliapa. Hakuapa kumpiga; Patrice alikuwa mwembamba, angevunjika mara moja na mambo yakasahaulika. Alitaka kisasi cha kudumu.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Rosette, mbele ya kanisa lililojaa. Mama Félicité alisimama nyuma, karibu na mlango. Walimletea kiti, akakataa. Alisema amekwisha kuonyeshwa mahali pake. Alikufa mwaka 1983, na tangu ile sikukuu hakuketi tena mbele katika shughuli yoyote. Kama kuna anayedhani hasira ya marehemu ilikuwa kubwa kuliko kosa, amkumbuke mama yule mlangoni, siku ya harusi ya mwanawe.

Kwa kazi, Mzee Eugène alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alizipeleka Fizi, akazipandisha hadi Minembwe, na kila alikouza samaki aliuliza: nyumba hii, nani alikwenda vitani? Medali alizikuta zikifunga milango ya mabanda, nyingine shingoni mwa watoto wenye kikohozi. Kule Minembwe moja ilivaliwa na mbuzi wa mzee Habimana. Alipenda kusema mbuzi yule alikuwa na haya kuliko Patrice, kwa sababu hakudai aliipata vitani. Hakuiamini medali yoyote mpaka watu wawili wasiojuana wamtaje askari yule yule: alirudi na kovu gani, aliimba wimbo gani wa kwata. Mama Rosette alizoea kulalamika, “Mu iyi nyumba tuko bibi mbili, mi na bile bichuma.” Naye alimjibu, “Nitatafutia kila medali ya Fizi mwenyewe yake. Itabakia moja tu, na batu bataiuliza yenyewe.” Kila tarehe mosi Agosti, tunapowakumbuka wazazi makaburini, aliwavisha watoto na wajukuu wa askari medali zao, akaita majina ya wazee wao kwa sauti. Patrice alikuwa anafika. Jina la babake halikuitwa hata mara moja.

Patrice alikuwa amekwisha kuirithi ile medali, na kuhusu tundu la chini aliwaambia watu ni risasi ya Mwitaliano, iligonga pale ikamwokoa babake. Mwaka 1991 mzee Norbert wa Ubwari, askari wa kweli, alimsikia pale bandarini. “Risasi?” akauliza. “Mi nilikuwa mu pirogue ya Sajini. Ile tundu ilitobolewa juu ya kuvua sangala, na kichwa yake nilikula mi mwenyewe!” Bandari ilicheka wiki nzima. Patrice alisema mzee amechanganyikiwa, akaendelea kuvaa.

Mwaka 2021 Mzee Eugène aliugua kisukari, kisha figo. Juni mwaka huu wa 2023 Patrice alikuja kumwona, akamletea mgonjwa wa sukari kilo mbili za sukari.

“Eugène, tuko bazee sasa. Tuache ile maneno.”

“Irudishe, tutaacha.”

“Batu batasema nini?”

“Batasema ile ulisemaka kwa mama yangu.”

Patrice aliinamisha kichwa. Hakukana. Mama Rosette alikuwepo, binti yake Aline alikuwepo. Patrice akaondoka na ile medali mfukoni, na tangu hapo hakurudi kumwona. Marehemu alikata roho nyumbani, alfajiri ya Alhamisi tarehe 17 Agosti, baada ya kutuagiza tusikilize kwa masikio mawili: asamehewe siku atakapoirudisha, wala si dakika moja kabla.

Mzee Eugène ameacha mjane, mama Rosette, watoto watatu, Pulchérie, Guy na Aline, wajukuu tisa, na kopo la maziwa ya unga lililojaa medali ambazo ukoo wa wenyewe umekwisha au umehama. Ameacha pia medali moja yenye matundu mawili. Hiyo ipo hapa mchana huu, safu ya pili, kwenye koti la kijivu, upande wa kushoto. Msigeuke wote pamoja.

Koti la marehemu nalo lina pini upande huo huo. Mama Rosette aliiweka, tupu. Sanduku halijapigiliwa misumari. Nyundo anayo Guy, naye hana haraka. Kiti cha mbele ambacho hakuna aliyekikalia ni cha mama Félicité.

Baba yetu apumzike kwa amani. Aliyekalia haki yake, na ainuke kwanza.