Mama Subiri na Ujumbe Uliogoma Kufa

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, nimekabidhiwa karatasi hii kwa sababu familia inaamini silii ovyo, na hilo tutaliona. Dada yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa pili kati ya sita wa baba dobi na mama mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mbishi wa kistaarabu, yaani hakupandisha sauti wala hakubadilisha msimamo.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa maabara kwa miaka miwili, na tarehe 2 Mei 1979 akaajiriwa katika maabara ya chuo, ambako hadi anastaafu mwaka 2018 kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kilichotumika kinaharibiwa salama kabla ya kutupwa. Wenzake walimwita Mama Subiri, kwani ukisogelea sinki na chupa mkononi, neno hilo ulilisikia kabla hujamwona yeye.

Tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi friji, shemeji yetu huyu hapa mbele, ambaye aliitwa kutengeneza friza ya maabara, friza ikapona siku hiyohiyo, lakini yeye akaendelea kuja kuikagua kwa wiki tano nzima. Walijaliwa watoto watatu, na nyumbani kwao kila bakuli la kiporo lilibandikwa jina na tarehe, shemeji akigusa lisilo lake alihojiwa kama mshukiwa.

Sasa niseme lililompatia sifa na kumtoa machozi. Bakteria, kama alivyotueleza mara mia mezani, hupashana habari kwa kemikali, kila mmoja akitoa kidogo, hadi zikijaa wote wanajua wamekuwa wengi na wanaanza kufanya jambo moja kwa pamoja, na maabara yao ilitengeneza bakteria wanaowaka kijani wakipata ujumbe huo. Mabaki yalichemshwa kwa mvuke kisha yakamwagwa, kila mtu akiamini yamekwisha, mpaka dada alipoona bakteria wapya waliotiwa kwenye chupa iliyooshwa wakiwaka kijani bila kuwekewa ujumbe wowote, akasema waliokufa ni bakteria, maneno yao bado yapo, na bakteria wengine huko kwenye mifereji watayasikia na kuyatii. Mkuu wa maabara aliamuru amwage kama kawaida, yeye akafungia chupa arobaini na moja za mabaki stoo na kwenda nyumbani na ufunguo, na tarehe 11 Juni 2012 akapewa barua ya onyo kwa ukaidi.

Hakujibu barua, alifanya jaribio. Tarehe 28 Juni aliwaita wote, akawaonyesha mabaki yaliyochemshwa tu yakiwawasha bakteria kijani, na yaliyokaa nusu saa kwenye klorini yakiwa kimya kabisa, na tangu siku hiyo utaratibu ukabadilika, ila barua ikabaki kwenye faili lake. Hilo lilimuuma sana, sitaficha, maana alistaafu akiwa bado ni mkaidi kwa maandishi.

Alianza kuugua moyo mwaka jana, akalazwa tarehe 3 Septemba mwaka huu wa 2024, na akiwa wodini alikagua wauguzi wanavyotupa sindano, wakafaulu. Alhamisi tarehe 19 mkuu wake wa zamani, naye sasa mstaafu anayetembelea fimbo, alikuja na barua mpya kutoka chuoni inayofuta ile ya kwanza, dada akamwomba aisome kwa sauti, alipomaliza akamwomba arudie kwa ajili ya vitanda vya dirishani, na wodi nzima ikapiga makofi. Alifariki Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi, akiwa ameshika mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake mliosimamisha mashine zenu leo. Na wewe mzee wetu mwenye fimbo, uliyekuja kusema mbele ya watu kwamba ulikosea wewe na alipatia yeye, familia inakushukuru kwa moyo wote, kwa sababu dada yetu ameondoka akicheka.

Pumzika kwa amani, dada, faili lako ni safi.