Majibu Aliyoyaandika Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, habari za kuzaliwa kwa kaka yetu nilisimuliwa kwanza na shangazi yetu, mkunga mstaafu, tarehe 3 Januari 1996, kesho yake baada ya kumzika bibi, na yaliyofuata niliyaona mwenyewe au nimeyahakikisha kwa mke wake.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1980, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, mkabala na stesheni ya treni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, na shangazi aliyempokea alisema alitoka amekunja uso kama mtu aliyekuta hesabu haikubali. Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya kutwa hadi mwaka 2000, akafaulu, akapata nafasi ya chuo kikuu, lakini mwezi ule ule wa kuripoti baba alipatwa na kiharusi, kaka akazitoa nguo zake sandukuni, akazirudisha kabatini, wala hakulizungumza tena.

Mwaka 2001 alianza kazi katika kibanda cha mjomba cha kutengeneza redio, ambako kompyuta iliyoachwa na mteja asiyerudi ndiyo iliyomfundisha, na hapo ndipo alipoitwa Profesa, wachache kwa heshima, wengi kwa utani. Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na mke wake, mshonaji, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mwana mwaka 2010, na binti huyo alijifunza kuandika programu akiwa amekaa kando ya baba yake, wakibishana mpaka chakula kinapoa.

Tarehe 1 Julai 2008 aliajiriwa na shirika la maji kwa mkataba wa muda, barua ikimtaja kuwa mtunza stoo, ingawa stoo hakuwahi kuikalia, kwa kuwa aliketi chumba cha mwisho karibu na ngazi akiandika programu za ankara, na kila mkataba ulipokwisha aliambiwa avute subira. Mwaka 2017 mkuu wa utumishi alimwagiza atengeneze programu ya kupokea maombi ya kazi, itakayomkataa papo hapo kila asiye na shahada, naye akaifanya, ila aliomba aachiwe maneno ya kukataa ayaandike mwenyewe, akisema mtu akinyimwa kazi asinyimwe na adabu. Akaandika: “Tunakushukuru kwa kutufikiria. Kutokuchaguliwa kwako hakukupunguzii thamani.” Alipoijaribu aliingiza jina lake, na jioni ile alirudi nyumbani akicheka, akituambia kwamba amejifukuza kazi mwenyewe.

Machi 2019 shirika liliamuru wote wenye mikataba ya muda waombe upya kupitia programu hiyo. Mke wake hudhani ilikuwa Aprili, lakini ilikuwa Machi. Kaka aliomba, akapokea maneno yake. Karani wa malipo, rafiki yake, alimwambia, “Profesa, mlango umeuchonga wewe, na ufunguo unao, si ujifungulie?” Akajibu, “Nikijifungulia mimi, hao niliowafungia nitawaambia nini?” Mke wake akamwambia, “Waambie ulikuwa na njaa.” Hakujifungulia. Kijana aliyechukua nafasi yake ni hodari, na kaka hakuacha kumsifu.

Septemba mwaka huo alijiunga na chuo, masomo ya jioni, lakini Agosti 2021 figo zilianza kushindwa, akawa akisafishwa damu Jumanne na Ijumaa, siku ambazo mitihani iliangukia, akarudia somo hili, akarudia lile, na chuo kimetueleza kwa upole kwamba aliyebakiza masomo hatunukiwi shahada.

Mwezi Mei mwaka huu, kaka akiwa wodini, binti yake, aliyemaliza sekondari mwaka jana, aliomba kazi katika shirika lile lile, na alipomsomea mama yake majibu, mama aliyamalizia kabla yeye hajafika mwisho. Baba yake alipomuuliza, binti alisema majibu bado. Kaka, aliyejua programu yake haimkawizi mtu, alimshika mkono, wala hakuuliza tena. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa nane mchana, wodini, binti akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotulindia nyumba, na wafanyakazi wenzake waliomchangia damu bila kuombwa mara mbili.

Baba, mjomba na shangazi wamekwisha kututangulia. Walio hai ni mama, mke, binti, mwana, sisi wadogo zake wawili, na karani wa malipo. Mkuu wa utumishi naye yu hai, yupo nasi hapa leo, ameketi safu ya pili, na tunamshukuru kwa kufika.

Kaka, umechoka kusubiri, basi pumzika kwa amani.