Mgonjwa Niliyekwenda Kumwona

Ndugu zangu wa jumuiya, mmeitikia salamu kwa nguvu, nami nashukuru, maana sitaki mtu asinzie. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Nina kisukari, huu mwaka wa nne. Kilipogunduliwa nilikuwa bado kijijini, upande wa Namtumbo, nalima mahindi yangu. Mwanangu akasema, "Mama, umelima vya kutosha. Njoo mjini upumzike." Nikahamia kwake hapa Msamala, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Nani hapendi kuheshimiwa? Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alinipokea kwa mikono miwili. Nikishika ufagio, ananinyang'anya. Nikiinama kuosha kikombe, "Mama, acha, nitaosha mimi." Kanisani nilikwenda kwa bodaboda, na kanisa lenyewe mnajua lilipo, ukipiga chafya pale nyumbani padre anasikia.

Nikanenepa. Mlinisifu nyinyi nyinyi mliokaa hapa: "Mama, mji umekukubali!" Nami nikazidi kukaa. Dawa nilimeza, sikuruka hata siku moja, lakini kila nikienda kliniki sukari iko juu. Nikajisemea kwamba ni mapenzi ya Mungu. Namsingizia Mungu wa watu!

Siku moja mwezi wa sita, na baridi yetu mnaijua, nimejikunyata karibu na jiko la mkaa, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Nikamwita mkwe wangu aje aangalie kuna nini. Akapiga kelele, "Mama, mguu!" Kaa la moto lilikuwa limedondoka, limetoboa ndala yangu, limefika kwenye ngozi. Mimi sikuwa nimehisi kitu. Ndugu zangu, niliogopa. Marehemu dada yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, na tulimzika akiwa na mguu mmoja. Nililia mbele ya mkwe wangu bila aibu.

Kliniki, nesi alisafisha mguu, akasema nimeponea chupuchupu. Akaanza kuniuliza maswali huku anaandika. "Mama, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikamjibu kwa majivuno kabisa, "Hata kidogo, mwanangu. Mimi nina mkwe."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba misuli ikifanya kazi inaitumia ile sukari iliyo kwenye damu, na dawa nayo inapata msaidizi. Ukikaa tu, dawa inabaki kuhangaika peke yake. Akasema kidonda kwanza kifunge, halafu nianze kutembea kidogo kidogo, tena kwa viatu vya kufunika, na kila jioni nikague nyayo zangu, kwa sababu sukari imezitia ganzi, zikiumia zenyewe hazitaniambia.

Kidonda kikafunga. Asubuhi ya kwanza nikatoka, khanga mabegani, raba mpya miguuni. Sasa mnajua tulivyo huku kwetu. Mwanamke wa umri wangu akionekana asubuhi na mapema anatembea haraka, hana ndoo, hana jembe, hana kikapu, basi kuna msiba au kuna mgonjwa. Sijafika hata kona, jirani yangu, huyo anayecheka hapo nyuma, akaniita. "Shikamoo mama! Kwema? Unakimbilia wapi?"

Nikaona haya. Nitasema natembea tu? Si wangesema bibi amechanganyikiwa? Nikajibu, "Marahaba. Naenda kumwona mgonjwa."

"Jamani! Huwezi kwenda peke yako," akasema. Akaingia ndani, akatoka na khanga yake, tukaondoka wote.

Tukatembea. "Ni mbali?" Nikasema hapo mbele. Tukapita nyumba ya kwanza, ya pili, tukavuka daraja, tukaanza kupanda kilima. "Mama, huyu mgonjwa anakaa Madaba, tukapande basi?" Jasho linanitoka, pumzi imeniishia, na uongo nao umeniishia. Nikasimama katikati ya njia. "Mwanangu, nisamehe. Mgonjwa mwenyewe ni mimi." Nikamweleza yote, kaa la moto na habari za dada yangu.

Alicheka hadi akakaa chini kwenye majani. Kisha akanishika mkono. "Basi kesho nakuja tena," akasema. "Mgonjwa haonwi mara moja."

Na alikuja. Peke yangu ningeacha siku ya tatu, nawaambia kweli. Siku zilizofuata tuliishia darajani, baadaye tukakimaliza kilima. Nikiri na ujinga wangu pia: siku moja nilimeza dawa nikaondoka bila kula, nikitaka kuwahi. Njiani sukari ikashuka mno, mikono ikatetemeka, macho yakawa giza. Jirani akakimbilia duka la karibu akaninunulia soda, nikanywa, nikarudi duniani. Tangu hapo nakula kwanza, na pipi haikosi kwenye pindo la khanga.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Nilipodai ufagio, mkwe wangu alilia. "Mama, watu watasema nakutesa." Na ni kweli mngesema, msinitazame hivyo! Nikampeleka kliniki akaelezwe na nesi mwenyewe. Kesho yake akanionyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, akasema, "Mama, hapa nataka matuta ya mboga." Mkwe wangu, leo nakushukuru mbele ya watu. Kunipa kazi ilikuwa heshima kubwa kuliko kunikataza.

Sukari imeshuka. Sijapona, na dawa bado nameza kama ninavyoagizwa. Ganzi haijaisha yote. Lakini nalala vizuri, napanda kilima naongea, na miguu ninayo yote miwili. Nimeridhika jamani, nimeridhika sana. Namshukuru Mungu, nesi wangu, na jirani aliyedanganywa akasamehe. Nanyi nawaomba, mpendeni mgonjwa wenu, lakini msimkalishe. Aulize kliniki anaweza kiasi gani, kisha mwacheni afanye.

La mwisho, halafu namaliza. Kuna mmoja wetu hapa amepimwa wiki hii, ameambiwa ana sukari. Ameniambia kwa siri, na simtaji. Tangu siku hiyo amejifungia ndani, anasema anapumzika.

Ndugu yangu, unanisikia. Kesho, jua likichomoza, tutabisha hodi kwako, mimi na jirani yangu. Majirani wakituuliza tunakwenda wapi, tutawajibu tunakwenda kumwona mgonjwa, na safari hii haitakuwa uongo. Ila usitukaribishe ndani. Vaa viatu, utoke.